Waya Wenye Walakini

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza na mvua imeanza, vyote asubuhi moja. Nimerudi darasani. Mkuu wa shule alinipokea mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama mtu anayetoa pole na hongera kwa mpigo mmoja. "Mwalimu, tulivyokubaliana ni muhula huu," akasema. "Mvua zikielekea kwisha mkaguzi atakuja kukuona ukifundisha. Akiridhika, unabaki. Asiporidhika, tutakuaga kwa heshima zote." Nikaitikia kwa kichwa. Siku hizi kichwa ndicho kinachonisemea mambo mengi.

Niandike mara moja nisirudie tena: mwaka jana daktari alinitoa zoloto, kile kiungo cha kooni kinachotoa sauti, kwa sababu ya uvimbe. Uvimbe ukaenda na sauti ikaenda nao. Napumulia tundu dogo shingoni, nalifunika kwa kitambaa chepesi. Nikitaka kusema naandika kwenye kompyuta, nabonyeza, na kompyuta inasoma kwa sauti ya mwanamke asiyejulikana kwao ni wapi. Nyumbani tunamwita Mgeni, maana Kiswahili anakitamka kama aliyeshuka jana na mabegi yake bado yako njiani. Simu nilijaribu. Vitufe vya simu na vidole vyangu havipatani, na macho ndiyo yaliyokataa kabisa. Ila kwenye kompyuta naandika kwa vidole kumi bila kutazama, karibu sawa na nilivyokuwa nikisema.

Na mimi, kwa bahati mbaya ya Mgeni, ni mwalimu wa Kiswahili.

Kidato cha pili walicheka aliposema "ngombe" kana kwamba ni mnyama mwingine kabisa. Niliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Binti mmoja anayekaa karibu na dirisha hakucheka. Aliuliza, "Mwalimu, kwa nini yeye hasikii tofauti?" Nimempa jina la Bi Kwa Nini. Nadhani tutaelewana.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kitambaa changu hakikauki.

Alhamisi, 7 Machi

Leo Mgeni amenikatikia. Nilikuwa naeleza viambishi, naye akasema, "Kiambishi cha nafsi hukaa mwanzoni mwa," kisha kioo kikawa cheusi. Darasa zima likangoja nafsi ikae mahali. Betri ya kompyuta hii imezeeka, haizidi muda wa kuchemsha maji ya chai, kwa hiyo natembea na chaja kama mtu anavyotembea na dawa zake. Lakini nilikuwa nimeiacha ikichaji ofisini saa nzima! Ilikuwaje nifike darasani na betri tupu?

Ninaye mtu ninayemshuku. Pembeni yangu anakaa mwalimu wa hisabati. Wanafunzi wanamwita Kona, kwa sababu ya pembe zake za ubaoni na kwa sababu amejibanza kwenye kona ya ofisi. Tunatumia ekstensheni moja, na miguu yake iko juu ya ekstensheni hiyo kutwa. Simu yake haishi kuchajiwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemuuliza. Niliandika kwa upole, "Kaka, umechomoa yangu?" Nikasahau kwamba Mgeni hajui upole. Ilitoka kama swali la askari. Ofisi nzima ikageuka. Kona akaweka kalamu chini.

"Dada, mimi na chaja yako tumekutana wapi?"

Nikataka kusema nilikuwa nauliza tu, lakini betri ikaisha. Basi likabaki lile la askari.

Jumanne, 12 Machi

Nimefika mapema, kabla ya Kona, nikachomeka chaja mwenyewe, nikakaa nikiitazama kama mtu anayechunga maziwa yasimwagike. Mwanzoni ilichaji. Kisha, bila mtu kuigusa, ile alama ya betri ikaacha kuchaji. Nikachomoa, nikachomeka simu yangu kwenye tundu lilelile. Simu ikachaji vizuri. Kwa hiyo umeme upo, ekstensheni haina kosa, na Kona pia hana kosa.

Ajabu ni kwamba sikuudhika. Nilijisikia kama zamani nilipokuwa nikikuta neno nisilolijua kwenye kitabu: nataka kujua, na nataka kujua sasa hivi.

Jumatano, 13 Machi

Nimemsalimia Kona. Ameitikia kwa nyusi.

Jumapili, 17 Machi

Nyumbani kutwa, mvua haijatoa nafasi. Niandike kidogo juu ya mume wangu. Maisha yake yote ameendesha malori ya masafa marefu, mimi namwita Dereva tangu uchumba, hata watoto waliiga. Siku hizi amestaafu, na kazi aliyojipa ni begi langu. Asubuhi analibeba mpaka lango la shule. Jioni analipokea, tukifika anatoa kompyuta, anaiweka mezani, asubuhi anaipanga tena. Waya wa chaja anauzungushia kile kisanduku chake cha katikati kama alivyokuwa akifunga turubai juu ya mzigo: anavuta, anakaza, anapigapiga kwa kiganja. Anapendeza kumtazama.

Kinachonisumbua ni kwamba haongei. Huyu alikuwa mtu wa kuongea na matairi! Alikuwa akirudi safari anaanza kusimulia akiwa bado getini. Tangu niondolewe sauti amekuwa mtu wa "ndiyo," "sawa," "chakula tayari." Nikimwandikia jambo, anasubiri Mgeni amalize, anajibu neno moja, anaondoka. Nafikiri hampendi Mgeni. Siku nyingine nafikiri amenichoka mimi.

Alhamisi, 21 Machi

Uchunguzi unaendelea. Chaja hii, nimegundua leo nikiwa nimeishika usoni kama kioo, ina sehemu tatu. Kuna waya mnene unaotoka ukutani. Kuna kile kisanduku cha katikati, chenye taa ndogo ya kijani. Halafu kuna waya mwembamba unaotoka kwenye kisanduku kwenda kwenye kompyuta, mwishoni una pini. Miaka yote hii nimeiita "chaja" kama vile ni kitu kimoja.

Ule waya mnene unachomoka. Printa ya ofisini ina wa namna hiyohiyo, kwa hiyo nikauazima. Kompyuta ikachaji, ikaacha, ikachaji. Tabia ileile. Kwa hiyo waya mnene ni mzima.

Halafu nikaona kitu. Wakati kompyuta inagoma, taa ya kijani inaendelea kuwaka. Maana yake umeme unafika kwenye kisanduku vizuri, ila baada ya hapo unapotea njiani. Niligonga meza kwa furaha. Kona aliinua kichwa, akakumbuka kuwa tumekosana, akakiinamisha.

Ijumaa, 22 Machi

Nimepata mahali penyewe! Pale waya mwembamba unapotoka kwenye kisanduku, shingoni, ukipinda kidogo kuelekea juu inachaji, ukilala inagoma. Nimeweka kifutio cha ubao chini yake kiuinue. Nimefundisha vipindi viwili bila kukatika, mradi asitembee mtu karibu na meza.

Leo nilitumia walakini kama somo. Niliandika neno hilo ubaoni nikamwambia Mgeni alisome. Analisoma namna moja tu. Nikamwomba Bi Kwa Nini asome sentensi mbili: "Nilitaka kuja, walakini nilichelewa," na, "Waya huu una walakini." Sauti yake ilipanda kwenye la, kisha ikapanda kwenye ki, bila yeye kujua alichofanya.

"Umesikia?" akauliza mwenzake.

"Nimesikia nini?"

"Umeyasema tofauti!"

Wakaanza kutafuta mengine. Wakaleta barabara ya magari na barabara ya sawasawa. Kila mmoja akasema, Mgeni akashindwa, wakamwonea huruma. Nusu ya kipindi ilikwenda hivyo. Nadhani hili ndilo somo bora nililowahi kufundisha, na sikuwa nimelipanga.

Jumatano, 27 Machi

Kifutio kimeanguka. Nikakirudisha. Kimeanguka tena.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua kubwa. Shule yetu imeezekwa bati, ikinyesha hivi walimu wote wanakaa kimya na wanafunzi wanajipa mapumziko. Kifutio hakitoshi tena, nimeongeza na sanduku la chaki.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimekwenda kwa fundi wa kompyuta, kibanda kilicho mkabala na duka la vioo. Kijana mchangamfu, penseli sikioni, redio inaimba. Alitazama pini ikiingia kwenye kompyuta, akaichezesha, kompyuta ikaacha kuchaji. "Mama, tundu la kompyuta limelegea," akasema. "Niachie nifungue. Wiki mbili."

Wiki mbili bila Mgeni! Nikaandika, "Hapana. Kosa liko kwenye waya, shingoni."

"Mama, mimi naziona hizi kila siku."

Nikamwonyesha: ukishika pini isicheze, ukapinda shingo ya waya peke yake, inagoma. Akajaribu, akakuna kichwa kwa ile penseli. "Huenda. Lakini huenda yote mawili. Tungekuwa na chaja nyingine ya aina hii tungejua sasa hivi. Hapa sina."

Najua mtu mwenye kompyuta kama yangu. Anakaa kwenye kona.

Ijumaa, 5 Aprili

Safari hii sikumtuma Mgeni. Nimeandika kwa mkono, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: "Kaka, siku ile nilikukosea. Mashine haijui kuuliza kwa adabu, na mimi sikungoja nijue. Nisamehe. Naomba chaja yako kwa muda wa kujaribu." Nikaiweka juu ya vitabu vyake.

Alisoma, akasoma tena. "Kujaribu nini?"

Nikamweleza, kisanduku kwa kisanduku, taa kwa taa. Nikaona anavyoanza kuegemea mbele. Alichomoa chaja yake mwenyewe, akaichomeka kwenye kompyuta yangu, akatikisa pini, akatikisa waya, akaitikisa kompyuta nzima. Haikugoma hata mara moja.

"Tundu ni zima," akasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza swali gumu. "Tundu zima, ukuta mzima, waya mnene mzima, kisanduku kizima. Kilichobaki ndicho. Dada, hii ni hisabati!"

Nikamwambia ni uchambuzi wa sentensi: unatoa neno mojamoja mpaka uone lipi ukilitoa inaanguka. Tukabishana hilo mpaka kengele. Huyu mtu nimekaa pembeni yake miaka mingi, sikujua anacheka kwa kukoroma.

Jumamosi, 6 Aprili

Dereva ametoka asubuhi bila kusema aendako, akarudi amelowa, amekumbatia mfuko. Chaja mpya! Ameinunua sokoni. Pini iliingia sawasawa, taa ikawaka, kompyuta ikachaji. Nilimshika shavu. Alitabasamu, mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Nilipoanza kuandika, kisanduku kikapata moto kama pasi, kisha taa ikazima. Tukaiacha ipoe. Ikawaka, ikazima tena.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeipeleka ile chaja kwa fundi. Akageuza kisanduku, akanionyesha maandishi madogo mgongoni, nami nikavaa miwani nikayasoma kama shairi. "Volti lazima zilingane na za kompyuta," akasema. "Hapa zinalingana. Ampea ziwe sawa au zaidi. Hapa zimepungua. Ni kama mzigo wa watu wawili umempa mmoja. Ataubeba, atatoka jasho, halafu ataketi chini. Aliyenunua alitazama pini tu."

Akaahidi kuagiza inayofaa. Tundu la kompyuta hakulitaja tena, ila nilipoondoka alisema, "Mama, ukiacha ualimu uje hapa."

Nyumbani nilimweleza Dereva kwa ufupi. Akasema "sawa," akaichukua ile chaja yake akairudisha sokoni. Mabega yalikuwa chini.

Jumanne, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Jioni, nikiwa mezani nasahihisha, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Dereva akaruka akachomoa plagi ukutani kabla mimi sijainuka. Shingo ya waya ilikuwa imepasuka, ganda limeyeyuka, shaba inachungulia. Ndani ya dakika chache betri nayo ikaisha. Mgeni amekwenda.

Nikauchukua ule waya dirishani, kwenye mwanga. Nilikuwa sijawahi kuutazama kwa namna hiyo. Karibu na kisanduku ulikuwa umejisokota, una mikunjo iliyojipanga kwa mzunguko, kila mkunjo umechongwa mahali palepale. Niliuweka juu ya kisanduku, nao ukajikunja wenyewe na kuingia kwenye umbo lake, kama nguo iliyozoea mwili. Ulizunguka, ukakaza, ukapinda shingoni. Nilijua ni mikono ya nani.

Nikageuka. Naye alikuwa anautazama.

Nikachukua karatasi za mtihani wa zamani, nikaandika nyuma. Akanyoosha mkono, akasogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akapapasa mfuko wa shati. Miwani haikuwepo. Tukaitafuta pamoja, juu ya kabati, chini ya mito, yeye akisema, "Nilikuwa nayo, nilikuwa nayo." Mwishowe nikaandika upya kwa herufi kubwa kama za bango: NI UNAVYOUFUNGA.

Akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Akaketi.

"Nilikuwa naufunga usikusumbue," akasema. "Usinase. Usijikwae nao."

NAJUA, nikaandika.

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimelowa hasira za miezi, na Mgeni hayupo kunikatikia, karatasi haina betri. Nikaandika: MBONA HUSEMI NAMI?

Akaisoma hiyo nayo kwa sauti, neno kwa neno.

"Nikisema, utanijibu," akasema. "Ukinijibu, betri inakwisha. Siku ile umetoka hospitali, ulikuwa unanisimulia ndoto yako, ikakatika katikati. Ulilia. Hukujua nimekuona. Nikasema moyoni, basi mimi nisiwe wa kummaliza. Ulichonacho kitunzie wanafunzi. Mimi nimeshakusikia miaka mingi, nimeshiba."

Hujashiba, nilitaka kusema. Nani kakwambia umeshiba? Nilikuwa nimekaa mwaka mzima na mtu niliyedhani amenichoka, kumbe alikuwa ananibania maneno kama mtu anavyobania maji safarini.

Nikaandika: DEREVA, UMENIACHA PEKE YANGU.

Hiyo aliisoma mara moja, bila kusogeza karatasi.

Jumatano, 10 Aprili

Asubuhi begi lilikuwa limekaa kitini, halijaguswa. Nilimwonyesha kwa kidole. Akatikisa kichwa. "Mikono hii inaharibu," akasema. Nikalibeba mwenyewe. Sikujua kwamba ni zito hivi.

Alhamisi, 11 Aprili

Kona ananipa chaja yake vipindi asivyokuwa na darasa. Ameandika ratiba, ameibandika ukutani. Vipindi vinavyogongana nafundisha kwa chaki na mikono. Wanafunzi wamejifunza ishara zangu, hata nyingine nisizojua kuwa nilizifanya. Nikikuna sikio wanafungua vitabu.

Jumanne, 16 Aprili

Mkuu amesema mkaguzi atakuja Alhamisi ya tarehe tisa mwezi ujao. "Ile mashine yako itakuwa sawa?" Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa kimedanganya.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Dereva amekaa barazani akitazama matone. Nilikwenda nikakaa naye. Akasogea kunipisha, tukayatazama pamoja.

Jumatatu, 29 Aprili

Imefika! Nilikwenda kibandani na Dereva. Fundi alinikabidhi mimi nikague, nami nikageuza kisanduku, nikasoma volti, nikasoma ampea, nikapima pini, nikatingisha kichwa kukubali. Akacheka.

Kabla hatujaondoka nilimwomba anipasulie ule waya wa zamani. Alidhani natania. Akaukata kwa wembe kwa urefu, nasi watatu tukainama. Nilitegemea kuona nyaya mbili zimelala ubavu kwa ubavu. Kumbe mmoja uko katikati na wa pili umeuzunguka, nyuzi nyembamba za shaba zimesukwa kama nywele kuzunguka mwenzake. Shingoni karibu zote zilikuwa zimekatika. Zilibaki chache, na hizo ndizo zilizokuwa zikigusana nikiinua kwa kifutio. Umeme wote wa maneno yangu ulikuwa ukipita kwenye nyuzi zile chache, ndiyo maana zikapata moto.

"Unafungwaje basi?" Dereva akauliza. Ndiyo mara ya kwanza kuuliza kitu kwa miezi.

Fundi akachukua chaja mpya. "Baba, usiuzungushie kisanduku. Fanya mizunguko mikubwa pembeni, kama upana wa sahani. Shingoni acha uvivu kidogo, usivute. Halafu funga na hiki kimkanda."

"Uvivu," Dereva akarudia. Akajaribu. Wa kwanza ulikuwa mdogo mno. Akaufungua, akaanza tena. Mikono iliyofunga turubai maisha yake yote ilikuwa inajifunza kulegeza, na ilikuwa vigumu kwelikweli. Mara ya nne fundi akasema, "Hapo."

Begi akalibeba yeye.

Ijumaa, 3 Mei

Hakuna kukatika wiki nzima. Nimepeleka vile vipande vya waya darasani. Bi Kwa Nini aliuliza kwa nini ulikuwa unachaji wakati mwingine kama umekatika. Tukamwita Kona atusaidie. Akachora, akaeleza, akapitisha kipindi changu chote.

Alhamisi, 9 Mei

Mkaguzi amekuja. Mama wa makamo, viatu vimejaa tope, daftari limefunikwa kwa nailoni. Akakaa nyuma na Mkuu. Nikachomeka chaja, taa ya kijani ikawaka, Mgeni akawasalimia. Mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba nikaanza kufurahi.

Ndipo ikaja. Haikunyesha tu, ilimwagwa. Bati likaanza kunguruma, nikapandisha sauti ya Mgeni mpaka mwisho, akawa anatikisa midomo asiyokuwa nayo. Kifaa kizima, betri imejaa, waya mpya, na hakuna aliyesikia hata silabi. Nilimtazama Mkuu. Alikuwa anamwambia mkaguzi kitu kwa kupaza sauti, na mkaguzi ameweka mkono sikioni.

Kupitia dirisha nikaona madarasa ya ng'ambo. Walimu wameketi. Mmoja amesimama mdomo wazi, anapiga kelele, wanafunzi wake wanaangaliana. Nikafahamu: wakati huu shule nzima haina sauti. Tofauti ni kwamba mimi nimezoea.

Nikafunga kompyuta. Nikachukua chaki. Nikakuna sikio, vitabu vikafunguka. Nikaandika sentensi yenye kosa ubaoni, nikanyoosha kidole safu ya kwanza. Mmoja akaja akasahihisha, akaandika swali chini yake kwa safu ya pili. Wa safu ya pili akajibu, akauliza. Chaki ikawa inapita mkono kwa mkono, watu wanasukumana kufika ubaoni, wanacheka bila kusikika. Bi Kwa Nini aliandika KWA NINI? kubwa pembeni ya jibu la mwenzake, na yule akarudi kujitetea kwa aya nzima. Mara nikaona mkono nisioujua unaomba chaki. Alikuwa mkaguzi. Aliandika swali, si dogo, na darasa likamjibu kwa mistari mitano na kosa moja la tahajia, ambalo walilifuta wenyewe kabla sijafika.

Mvua ilipopungua nilifungua kompyuta, nikaandika, Mgeni akasema, "Sasa fungeni vitabu." Walipiga makofi. Sijui walikuwa wanampigia nani.

Jumanne, 14 Mei

Mkuu ameniita. "Unabaki," akasema. "Mkaguzi anauliza kama unaweza kuwaonyesha wengine namna ya kufundisha bati linaponguruma." Kona alikuwa mlangoni anasikiliza bila aibu.

Jumamosi, 18 Mei

Shule imefungwa. Mawingu yamepanda juu, jua la mchana linaingia jikoni. Dereva alikuwa anaosha vyombo, mimi nafuta. Siku hizi anaongea tena, taratibu, kama gari lililolala muda mrefu. Leo asubuhi alinisimulia habari ya lori lililokwama darajani, ambayo naijua, na safari hii kulikuwa na ng'ombe ambaye zamani hakuwepo. Nilimuuliza ng'ombe katoka wapi. Tulicheka.

Kisha akazima bomba, akasema bila kunitazama, "Nikuulize?"

Nikaitikia.

"Sauti yako. Unaikosa wapi zaidi?"

Watu wameniuliza kama naumwa, kama napumua, kama nitastaafu. Hili hakuna aliyeniuliza. Nikakausha mikono, nikaketi mbele ya kompyuta. Nilidhani nitaandika juu ya kuimba, au darasani. Vidole vikaandika kingine, nami nikabonyeza kabla sijakifuta.

"Kukuita ukiwa chumba kingine," Mgeni akasema.

Dereva alisimama na sahani mkononi, maji yanamdondokea miguuni. Akaiweka chini. Akafuta mikono kwenye suruali, akatoka jikoni. Nilisikia akipita ukumbini, nikasikia mlango wa chumba cha mwisho ukifungwa. Nikadhani nimemuumiza.

Kisha ikasikika sauti yake kutoka kule ndani, ya lori kabisa: "Haya! Niite!"

Nikapandisha sauti ya kompyuta mpaka mwisho. Nikaandika jina lake, lile langu mimi, nikabonyeza.

"Dereva!" Mgeni akaita, kwa matamshi yake mabaya, nyumba nzima ikasikia.

"Naam!" Mlango ukafunguka, hatua zikaja mbio, akatokeza kichwa jikoni. "Unasemaje?"

Nikaandika taratibu, kwa kuwa nilikuwa sioni vizuri.

"Hakuna. Nilikuwa nakuita tu."